Jeneza Kaskazini, Punda Wawili Kusini

Mapema Februari, saa tatu za usiku, ukisimama uwanjani Kakamega ukainua uso mpaka shingo ikatae, utaona nyota tatu zimejipanga mstari mmoja juu ya utosi wako. Ile inayotangulia, upande wa magharibi, inaitwa Mintaka. Mji wetu uko chini ya theluthi moja ya digrii kaskazini ya ikweta, nayo Mintaka hupita karibu theluthi moja ya digrii kusini yake. Kwa hiyo hukatiza juu ya vichwa vyetu ikaukosa utosi kwa kiasi kinachozidi kidogo tu upana wa mwezi mpevu. Huchomoza mashariki hasa, hupanda wima, huzama magharibi hasa. Anayetafuta mashariki ya kweli hana haja ya dira usiku Mintaka inapochomoza.

Jina hilo limetoka mbali. Ni Kiarabu, maana yake mshipi, na mwenye mshipi ni Jauza, mwanamke mkubwa aliyesimama katikati ya anga la Waarabu wa kale. Wagiriki waliona pale pale mwindaji mwanamume, wakamwita Orion. Mguu wa Jauza, kwa Kiarabu rijl, ndio nyota nyeupe ambayo dunia inaiita Rigel. Mkono wake, yad al-jauza, ulipatwa na ajali ya kalamu: huko Ulaya ya zama za kati nukta mbili za chini ya herufi ya kwanza zilisomwa kama nukta moja, ya ikawa ba, na makosa hayo ndiyo yamezaa Betelgeuse. Wanafalaki wa leo wenye darubini za mabilioni ya dola bado wanalitumia neno lililoharibiwa na nukta moja.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu. Mfugaji wa ngamia katika jangwa la Arabuni, aliyeishi kabla ya Uislamu, ambaye hakupata kuona mti mmoja wa msitu wa Kakamega, ndiye aliyeipa jina nyota inayopita juu ya msitu huo. Wazee wetu waliokaa chini ya nyota hiyo hiyo, wakaiona imenyooka juu zaidi kuliko alivyoiona yeye, hawamo katika orodha ya waliozipa nyota majina. Halikuwa suala la nani aliona vizuri zaidi. Lilikuwa suala la nani aliandikiwa.

Wale wafugaji walikuwa na sababu ya kutazama. Jangwani mchana huua, safari ni usiku. Mvua ni chache, na anayekosea majira hupoteza mifugo. Basi waliligawa anga wakalijaza watu na wanyama wao wenyewe. Kile kishada cha nyota ndogo zilizosongamana tunachokiita kilimia, wao walikiita Thuraya, jina ambalo Waswahili wa pwani wameliweka pia kwenye taa kubwa ya kuning'inia darini. Kwa Waarabu Thuraya alikuwa mwanamke mwenye mikono miwili mirefu iliyonyooshwa angani, mmoja umepakwa hina, mwingine umekatwa.

Nyuma ya Thuraya inakuja nyota nyekundu, Dabarani, yaani mfuataji. Hadithi yake inasimuliwa hivi: Dabarani alimposa Thuraya, Thuraya akamkataa kwa kuwa ni fukara. Akaenda kukusanya ngamia wachanga, zile nyota ndogo zinazomzunguka, akawaswaga mbele yake kumpelekea mahari. Tangu siku hiyo anamfuata, na Ayuki, nyota angavu ya upande wa kaskazini, anasimama kumzuia asimfikie. Hapa Kakamega hadithi hii haihitaji maelezo. Badilisha ngamia uweke ng'ombe, na kila kijana aliyewahi kutumwa kwa wakwe akiwa na ndama pungufu atajua Dabarani anahisi nini.

Suheli naye, nyota ya pili kwa mng'aro katika anga lote la usiku, alimwoa Jauza. Usiku wa harusi akamvunja mgongo, kisha akatorokea kusini kwa hofu ya ndugu zake. Suheli alikuwa na dada wawili. Mmoja, Shiira, nyota inayong'aa kuliko zote, alivuka ule mkanda mweupe wa nyota unaokata anga, akamfuata kaka yake. Mwingine alibaki ng'ambo ya pili akalia mpaka macho yakaingia utandu, ndiyo maana mwanga wake ni hafifu kuliko wa nduguye. Shiira huyu amejulikana kiasi cha kutajwa katika Kurani, katika sura ya 53, ambapo Mwenyezi Mungu anatajwa kuwa ndiye Mola wa Shiira, kwa sababu wako Waarabu waliokuwa wakiiabudu nyota hiyo.

Jambo linalonigusa ni mahali ambapo hadithi hiyo ilitungwa. Kwa mtu wa Makka, Suheli hunyanyuka nyuzi 16 tu juu ya upeo wa kusini, halafu hurudi chini. Kwa mtu wa Shirazi ni kama nusu ya hapo. Athene haionekani kabisa. Ni nyota ya pembeni, inayochungulia na kujificha, na kutokana na hali hiyo watu wakapata kisa cha mtoro. Hapa kwetu Suheli hupanda nyuzi 37, ikatulia juu ya kusini usiku wa Februari bila haya wala hofu. Kama hadithi ingetungwa Shinyalu, Suheli asingekuwa mkimbizi. Angekuwa mzee wa boma.

Huo ndio utajiri wa kukaa kwenye ikweta. Hakuna nyota hata moja, ya kaskazini wala ya kusini, isiyopita juu ya upeo wa Kakamega. Subiri Mei, mvua ya jioni ikishakatika na mawingu yakafunguka kama saa tatu usiku. Tazama kaskazini: nyota saba kubwa zimening'inia kichwa chini. Wagiriki waliziona dubu. Waarabu waliona msiba: nyota nne ni jeneza, na tatu zinazofuata ni mabinti wa marehemu, Banati Naashi, wanaolizunguka jeneza la baba yao wakidai damu yake kwa nyota ya ncha ya kaskazini, ambayo ndiyo iliyomuua. Yule anayetembea mwishoni bado anaitwa Alkaid katika ramani za leo, yaani kiongozi wa mabinti. Sasa geuka kusini saa hiyo hiyo: msalaba wa nyota nne umesimama wima, na kushoto kwake nyota mbili kali zinazokaribiana. Mabaharia wa Kiarabu waliziita Himarani, punda wawili. Jeneza upande mmoja, punda upande wa pili, na mtu wa Kakamega katikati, akiviona vyote kwa kugeuza kichwa. Mfugaji wa Najdi huko Arabuni aliliona jeneza vizuri, lakini punda kwake walikuwa wamelala chini kabisa, kwenye vumbi la upeo.

Walioziona pande zote mbili ni mabaharia, na kupitia kwao majina haya yalikaribia kwetu. Dira ya manahodha wa Bahari ya Hindi ilikuwa na pande 32, na pande hizo zilipewa majina ya nyota: mahali pa kuchomoza na mahali pa kuzama. Jaa, ile nyota ya ncha, ilikuwa kaskazini. Thuraya, Ayuki, Jauza na Akarabu, yaani nge, kila moja ilikuwa na pande zake mbili. Suheli ilikuwa upande wa kusini. Kiswahili kimeyahifadhi baadhi ya maneno hayo. Suheli katika kamusi zetu ni nyota na pia ni upande wa kusini, na matlai, mahali pa kuchomoza, ni upepo wa mashariki wa alfajiri.

Chombo chao cha kupimia kiliitwa kamali. Ni kibao cha mbao cha mstatili kinachotosha kiganjani, kimetobolewa katikati na kupitishwa kamba yenye mafundo. Nahodha hushika fundo kwa meno, huunyoosha mkono mpaka kamba ikazike, hulaza ukingo wa chini wa kibao juu ya mstari wa bahari, kisha hutazama kama ukingo wa juu unaigusa nyota. Kila fundo lina bandari yake, basi fundo likilingana na nyota, umefika kwenye mstari wa bandari hiyo. Pindua usukani uelekee pwani. Vipimo vilihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja ni kama digrii moja na zaidi ya nusu kidogo. Ni elimu iliyobebwa kwa kamba, kibao na meno.

Mabaharia hao walipokuja kusini, Jaa ilizidi kushuka mpaka ikazama. Hapo walihamia kwa nyota mbili za jirani yake, Farkadani, na Farkadani zikishuka wakategemea jeneza lenyewe, Naashi. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika Ghuba, aliyaandika haya kwa urefu katika kitabu chake cha mnamo 1490, na alitunga pia utenzi mrefu wa njia ya bahari hadi Sofala. Shuleni tulifundishwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498. Ushahidi hauiungi mkono hadithi hiyo, na wanahistoria wengi wameiacha. Ibn Majid hana haja nayo. Ukubwa wake uko katika alichokiandika, hauko kwa Mreno aliyepita.

Kutoka pwani hadi kwetu njia ilikuwa ya miguu. Misafara ya Waswahili na Waarabu ilifika Wanga katika karne ya 19, na boma la Nabongo, mfalme wa Wanga, likawa kituo kikubwa cha kupumzika na kununua chakula kabla ya kwenda Uganda. Joseph Thomson alipofika mwishoni mwa 1883 aliukuta ufalme huo mikononi mwa Mumia, kijana aliyekuwa amerithi kiti cha baba yake Shiundu muda si mrefu kabla ya hapo. Kituo hicho kikaitwa Mumias. Pamoja na nguo na shanga, misafara iliacha Uislamu, Kiswahili, hesabu ya miezi na mazoea ya kutoka nje jioni ya siku ya ishirini na tisa kutafuta mwezi mwandamo. Mumias ina misikiti na madrasa, na wako akina mama wanaoitwa Zuhura, jina la nyota kubwa ya jioni na alfajiri. Ndiyo hivyo anga la Waarabu lilivyoingia katika kaunti yenye miwa na mahindi: kidogo kwa vitabu, zaidi kwa majina ya watu.

Lakini hapa lazima nimtaje yule anayestahili heshima kuliko wote, mtu wa maktaba. Abd al-Rahman al-Sufi alizaliwa Rayy mwaka 903, akafanya kazi chini ya mfalme Adud al-Dawla huko Uajemi, na mnamo 964 akamaliza kitabu cha picha za nyota zisizohama. Mbele yake kulikuwa na kitabu cha Ptolemy, Mgiriki wa Misri, kilichogawa anga katika makundi 48 na kuheshimiwa na wasomi wote. Njia rahisi ilikuwa kukitafsiri na kunyamaza. Al-Sufi hakunyamaza. Aliupima upya mng'aro wa nyota kwa macho yake, akasahihisha mahali Mgiriki alipokosea, na kila kundi akalichorea picha mbili: moja jinsi linavyoonekana kwa mtu aliye duniani, nyingine jinsi lilivyo kwenye tufe, kushoto kukiwa kulia. Alitaja hata wingu dogo karibu na mdomo wa samaki mkubwa. Ndilo tunalolijua leo kuwa kundi zima la nyota nje ya letu, Andromeda.

Na baada ya kueleza dubu wa Wagiriki, aliongeza: Waarabu huziona nyota hizi kuwa jeneza na mabinti. Alifanya hivyo kundi baada ya kundi. Majina ya wachunga ngamia, ambayo msomi mwingine wa enzi yake angeweza kuyaona ya kishamba, aliyaweka ukurasa mmoja na majina ya Aleksandria. Hakuyalazimisha yafanane, wala hakufuta moja kwa ajili ya lingine. Kwa sababu hiyo Banati Naashi wapo mpaka leo. Mchunga ngamia aliyeyatunga hakuwa na kalamu, ila alimpata mtu mwenye kalamu aliyemheshimu.

Huyo ndiye tuliyemkosa. Si kwamba watu wa huku hawakutazama juu. Günter Wagner, Mjerumani aliyefanya utafiti miongoni mwa Waluhya miaka ya 1930, aliandika kutoka kwa Wabukusu kisa cha jua na mwezi. Wele, Mungu wao, aliwaumba wakiwa ndugu, mwezi akiwa mkubwa na mwenye mwanga zaidi. Wakapigana. Mara ya kwanza mwezi alimwangusha jua, akamhurumia. Mara ya pili jua alimbwaga mwezi matopeni, tope likamrukia usoni, na madoa hayo tunayaona kila mwezi unapopevuka. Humo humo yumo jogoo mwekundu wa mawinguni: akipiga mbawa umeme unamulika, akiwika radi inalia. Aliyekaa mchana mmoja wa Aprili Kakamega, mbingu ikipasuka juu ya bati, anajua kwamba kisa hicho kilitungwa na watu waliokuwa makini. Jua, mwezi, radi, upinde wa mvua vilipata mwandishi. Nyota moja moja hazikubahatika hivyo.

Liko jina moja lililonusurika kwa sababu limesambaa mno kuweza kufa. Kilimia limetokana na kulima, na Mluhya asiyejua Kiswahili atalisikia khulima ndani yake. Wazulu na Waxhosa, maelfu ya kilomita kusini, wanakiita isilimela, kutokana na mzizi uo huo. Wabantu walipotawanyika walikibeba. Waswahili wana msemo kwamba kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kishada hicho hupotea katika mwanga wa jioni mwezi wa Mei, kikarudi alfajiri mwezi wa Juni, na Waarabu nao walikuwa wakisema kwamba Thuraya hujificha kama nyusiku arubaini. Wafugaji wa Arabuni waligawa mwaka mzima kwa namna hiyo: nyota moja ikizama alfajiri nyingine inachomoza, na kila zamu ina mvua yake au upepo wake. Mtume Muhammad aliwakataza kusema kwamba nyota ndiyo iliyoleta mvua, maana mvua huletwa na Mungu. Hakukataza kuhesabu. Ndiyo maana wavuvi na wakulima wa Ghuba wameendelea kuhesabu siku kwa makumi tangu Suheli inapochomoza Agosti, na Waswahili wamehesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi.

Mnaona basi: mkulima wa Kibantu na mchunga ngamia, bila kushauriana, walikichagua kishada kile kile kuwa kalenda. Mmoja alikiita cha kulima, mwingine akamwona mwanamke wa kuposwa. Sitaki kuchagua kati yao. Nataka wote wawili wawe katika ukurasa mmoja, kama al-Sufi alivyofanya.

Kuna dalili za kunitia moyo. Mwaka 2016 Muungano wa Kimataifa wa Wanafalaki uliunda kamati ya kuidhinisha majina ya nyota, na sehemu kubwa ya majina ya kale yaliyopitishwa ni ya Kiarabu. Kisha mwaka 2019 kila nchi ilipewa nyota moja na sayari yake ya kuzipa majina. Kenya iliita nyota yake Kalausi, kimbunga cha vumbi kwa Kijaluo, na sayari yake Buru, vumbi. Tanzania ilichagua Mpingo na Tanzanite. Nilifurahi, na furaha hiyo ni ya kweli. Hata hivyo Kalausi haionekani kwa macho matupu. Hakuna mtoto wa Khayega atakayeonyeshwa Kalausi na bibi yake. Majina ninayoyataka ni yale ya nyota tunazoziona tukitoka nje usiku, yale ambayo tayari yako vinywani mwa wazee.

Mwaka 2014 UNESCO iliiweka ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Ngoma hupigwa harusini na matangani, husikika, hivyo watu walitambua inapofifia. Jina la nyota halipigi kelele linapokufa. Mzee anazikwa, na hakuna anayejua amekwenda nalo.

Kwa hiyo wewe msomaji mwenye kukhu au guga, yaani bibi au babu, aliye hai, kaa naye nje usiku mmoja stima zikiwa zimepotea. Muulize: ile waliiita nini, na hii je? Waliitumia kupanda nini, au kusafiri wapi? Liandike jina kama alivyolitamka, kwa lugha yake, bila kulisanifisha. Andika pia mwezi, saa, mahali mlipokaa na upande mliotazama, ili mwingine aweze kuitambua nyota yenyewe. Akikwambia jina ambalo halilingani na la jirani, andika yote mawili. Kisha toa nakala. Moja weka nyumbani, nyingine ipeleke Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, kiko hapa hapa mjini. Usingoje msomi atoke mbali. Kalamu unayo, na mzee yuko.